Mbao za Mzee Siméon

Nzanzu aliingia uani Jumanne asubuhi na hakutaka kukaa. Tamar alimsogezea kiti, akamletea na maji ya kunawa maana mikono yake ilikuwa na udongo, lakini yule mwanaume wa miaka arobaini na kitu akabaki wima kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini, kofia mkononi. Kila baada ya maneno mawili macho yake yalipanda kwenye mlango wa jiko. Tamar akajua amefuata nini kabla hajasema.

"Mama, ya jana ulisikia?"

"Nilisikia. Batu batatu."

"Batatu. Mama Sophie, na Aristote ule wa piki, na bwana ya mwalimu Kapinga."

Tamar akakikalia yeye kile kiti. Habari ilikuwa imefika Beni tangu jana: watu wa porini wenye silaha walikuwa wamewakuta wakulima katika kakao, upande wa Mangina, wakaua watatu. Lakini majina yalikuwa hayajafika. Sophie waliimba naye kanisani, sauti moja, benchi moja. Aristote ndiye aliyempeleka kwa pikipiki mume wake, mzee Siméon, hadi kwenye gari la kwenda Butembo wiki iliyopita, akamfunga koti lake mwenyewe mabegani kwa sababu ya baridi ya kule juu, na koti halikuwa limerudi bado. Na bwana wa Kapinga ni Omer, agronome, bwana shamba wa serikali, mtu wa Kasai, aliyekwenda shambani siku ile kuwaonyesha wengine namna ya kukata matawi yenye ugonjwa.

"Bwana Yesu," Tamar akasema. "Na batoto ya Aristote?"

"Bako kwa mukaka ya Aristote, ule bibi muzee." Nzanzu akazungusha kofia. "Mama, ofisi ya commune inasema bazikwe kesho. Nilizunguka maduka yote ya mbao. Barabara ya Mangina imefungwa siku kumi na mbili, mbao hata moja haiingie. Kuko tu vipande vya kutengenezea meza ya kuuzia nyanya. Banasema kama sanduku hakuna, batabafunga mu bashi, ile turubai ya plastique."

Kisha akatazama tena mlango wa jiko. Alikuwa amejifunza useremala katika ua huu huu, kwa Siméon, tangu alipokuwa hajaota ndevu, na hakuwa mtu wa kuomba kitu cha bwana wake kwa mdomo.

"Zile mbao ni za motokari," Tamar akasema.

"Ni za motokari, Mama."

"Muzee iko Butembo juu ya macho. Banamupasua leo. Anarudi azikate. Nitamuambia nini?"

"Ni kweli, Mama. Nilisema tu." Akavaa kofia, akaaga vizuri, akaulizia hata kuku wake waliougua, akaenda. Kama angegombana naye, Tamar angejisikia afadhali.

Alibaki amekaa akitazama jiko.

Mtu ambaye hakuijua nyumba yao angeona mbao tu. Kumi na nne, ndefu, nyeusi kwa moshi, zimelazwa juu ya mafiga kwenye dari la mianzi kwa miaka kumi na sita. Kila ugali aliopika Tamar katika miaka hiyo ulizikausha kwa moshi wake. Na nje, chini ya paa la mabati, lilisimama gari lenyewe, ama kilichobaki: shasi ya chuma, magurudumu manne, injini, usukani. Mwana wao Éliakim, fundi wa injini, alikuwa ameiwasha mwaka juzi na kulizungusha uani amekalia kreti ya chupa, na majirani wakacheka hadi wakakamata mbavu, maana lilikuwa uchi kama mbuzi aliyechunwa.

Lilikuwa gari la Kiingereza, Morgan, lililoletwa Butembo na Mgiriki mmoja mwenye shamba la kahawa. Siku mlango wake ulipolegea, mafundi wa magari waliufungua wakakuta ndani kuna mti. Juu ya shasi ya chuma mwili mzima ulikuwa umeshikwa na mbao, na mabati yamepigiliwa juu yake. Mafundi wakacheka, wakafunga vifaa vyao, wakasema hii ni kazi ya fundi wa makabati. Ndivyo Siméon, seremala kijana wa misioni, alivyoitwa. Akaurudisha mlango ukafunga bila kelele. Mgiriki alipofukuzwa na mambo ya mwaka wa sabini na tatu, serikali ilipochukua mali za wageni, alimwachia gari pamoja na kijitabu chake, kwa sababu, alisema, yeyote mwingine angelivunja.

Mwaka uliofuata Siméon akamwoa Tamar, na akamwahidi kwamba atampeleka kanisani ndani ya gari lile, mlango umefungwa vizuri, kofia ya harusi kichwani. Lakini petroli ilikosekana, kisha watoto wakaja, kisha wakahamia Beni, kisha vita. Wakati wa vita walilificha chini ya migomba miaka saba, na mchwa wakala kila kilichokuwa mti.

Mtu mwingine angeuza vyuma. Siméon alitoa vipande vilivyooza kimoja kimoja, akavipanga chini kama mifupa. Kijitabu kilisema mti ule ni wa Ulaya, wala hakujua jina lake kwa lugha yoyote ya hapa. Alijaribu mikaratusi, ikapasuka. Alijaribu liboyo, ule mti wa samani, ikavunjika. Halafu akakumbuka nyundo ya Mgiriki, kwamba mpini wake ulikuwa na mishipa ile ile kama ya mlango, na akajiambia: basi nitafute mti ambao sisi tunauchonga mipini ya majembe. Akaupata msituni, akaukata kwa msumeno wa watu wawili yeye na Nzanzu, akazipandisha mbao juu ya moshi.

Miaka minne iliyopita, macho yalipoanza kuingia ukungu, alizishusha zote. Alilaza kila mfupa uliooza juu ya ubao wake, akachora kwa kalamu ya risasi: kizingiti cha kushoto, upinde wa gurudumu, mlango. Zile mbao za zamani zilikuwa zinageuka unga chini ya vidole vyake; alipomaliza kuchora alizifagia. Umbo la gari lile halikuwa tena mahali popote ila kwenye mbao kumi na nne za jikoni kwa Tamar.

Mwalimu Kapinga alikuwa akija kila Jumamosi kumsomea kile kijitabu. Anafundisha Kiingereza shule ya sekondari, na hakuna mwingine mtaani aliyekijua. Hakuna aliyemwomba, alisikia tu kwamba kuna mzee ana kitabu hawezi kukisoma. Alikaa karibu na moto na kutafsiri polepole, Kifaransa kidogo, Kiswahili chake cha Kasai kidogo. Kwamba mwanzilishi alikuwa mtoto wa mchungaji, na baba mchungaji ndiye aliyemsaidia na kuongoza kampuni. Siméon alipenda hapo, akamwambia arudie. Kwamba gari la kwanza, mwaka wa elfu moja mia tisa na tisa, lilikuwa na magurudumu matatu tu, na ilipita miaka zaidi ya ishirini na mitano kabla hawajauza lenye manne.

"Hawakuwa na haraka," Siméon alisema.

"Mpaka leo, Tata. Kwenye simu nilisoma kwamba gari linasukumwa kwa mikono, kutoka nyumba ya maseremala mpaka nyumba ya rangi. Na mtu akiagiza, kuna wakati alingoja miaka kumi."

"Miaka kumi!" Siméon alimgeukia Tamar na macho yake ya maziwa. "Unasikia? Na weye unanisumbua!"

"Mimi nangoja hamsini," Tamar alijibu, na Kapinga alicheka hadi akashika ukuta.

Siku nyingine Kapinga alitafuta tena kwenye simu yake, akawaambia kwamba ile familia iliuza kampuni kwa Waitaliano miaka michache iliyopita. Siméon alikivuta kijitabu kifuani kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Baadaye akauliza, "Na mbao?" Kapinga akasoma tena. "Bado wanaweka mbao, Tata." Siku ile mzee alikula vizuri.

Hayo yote yalikuwa juu ya mafiga. Tamar akasimama, akafunga kitenge cha kilio, akaenda kwa Kapinga.

Ua ulikuwa umejaa. Wanawake walikuwa wamemzunguka Kapinga kwenye mkeka, wanamshika mabega, wanamlilia kwa Kinande, na yeye anawatazama mdomoni kama mtu anayetafuta neno moja la kwao. Hakuwa na dada pale, wala shangazi. Mchungaji Michée alikuwa ameketi na wanaume, na mmoja wao, mtu wa commune, alikuwa anasema kwa upole kwamba bashi mpya ni safi kabisa, tena ni nzito.

Kapinga alipomwona Tamar alisogea, akampa nafasi kwenye mkeka. Siku ya kufiwa kwake, akampa mwingine nafasi.

"Mamu," akasema. "Banasema batamufunga mu plastique."

"Nilisikia, mwanangu."

"Omer alikuwa murefu. Mu plastique, miguu itajikunja."

Alikuwa ameketi Jumamosi ngapi chini ya zile mbao; alijua ziko ngapi, alijua zina urefu gani. Tamar alimngoja aseme. Kapinga akachukua kikombe cha chai alicholetewa, akampa yeye.

Tamar alikishika kile kikombe na hakunywa. Alikuwa anamwona dada yake, Mangina, mwaka wa Ebola. Watu waliovaa kama hawana uso walimtoa ndani ya gunia jeupe lenye zipu, na Tamar alisimama nyuma ya kamba, mbali, hakujua kichwa kiko upande gani. Walifanya kazi yao, na labda waliokoa wengi. Lakini tangu siku ile watu wa hapa, hata maskini wa mwisho, wanataka sanduku. Wanataka kuona kuna ubao, kuna mfuniko, kuna mtu aliyekaa akapima.

Alikirudisha kikombe, akainuka, akapitia moja kwa moja kwenye karakana ya Nzanzu.

"Tafuta mutu wa kukusaidia kushusha," akamwambia.

Nzanzu akaweka randa chini. "Ngapi, Mama?"

"Nikitoa za Omer, nitamuambia nini mukaka ya Aristote? Na batu ya kwa Sophie?"

"Mama. Mupigie muzee kwanza."

Alirudi nyumbani mbele ya Nzanzu na msaidizi wake. Kwenye mlango wa jiko alifungua fundo la kitenge, akatoa simu. Namba ya Éliakim ilikuwa ya kwanza. Éliakim alikuwa Butembo, kando ya kitanda cha baba yake. Mtandao ulikuwepo, alama zote nne. Tamar alikiweka kidole gumba juu ya jina na kuhesabu pumzi zake. Kisha akaifunga tena simu ndani ya fundo, na wanaume walipofika akawaonyesha ngazi.

Walizishusha zote kumi na nne. Kila sanduku lilikula nne na kipande. Nzanzu alipinda mgongo juu ya kazi hiyo mchana mzima, na alipofika kwenye michoro alisimama, randa mkononi.

"Mama, nifute?"

"Weye unaona aje?"

"Ni mukono ya muzee. Mimi siwezi." Akaigeuza upande wa ndani. Kwa hiyo Omer, aliyekuwa mrefu, alilazwa bila kukunja miguu, na ubavuni mwake, kulipochorwa kizingiti cha kushoto, hapakuwa na mtu aliyeona.

Ijumaa Tamar alipanda kwenda Butembo.

Katika chumba cha hospitali kulikuwa na wagonjwa sita, kila mmoja na jicho moja lililofunikwa. La Siméon lilikuwa limefunguliwa asubuhi hiyo. Alikuwa ameketi kitandani, koti la Aristote mabegani, anatazama mkono wake, anaugeuza, anautazama tena.

"Baba, Mama amefika," Éliakim akasema.

Siméon akainua uso. Jicho jipya lilikuwa jekundu na lenye maji, lakini lilimkamata moja kwa moja. Miaka miwili halikuwa limefanya hivyo.

"Ni Tamar huyu? Eh! Nani alikuzeesha hivi?"

"Ni weye."

Chumba kizima kikacheka. Mgonjwa wa kitanda cha dirishani akasema, "Muzee, rudishia badaktari jicho yao!" Siméon alicheka zaidi ya wote, akampigapiga Tamar mkono, akamvuta karibu. "Ninaona hadi nyuzi ya blanketi. Daktari anasema nipumuzike siku saba tu, nisiiname. Kiisha naanza. Naanza na kizingiti ya kushoto, ile inashika mulango. Nitakupeleka kanisa mbele ya Noeli."

Éliakim alitazama sakafu. Yeye alijua, watu wa Beni walikuwa wamempigia. Hakumwambia baba yake, alimwachia njia mama yake, na Tamar alimshukuru kimoyomoyo.

"Tutoke inje kidogo," akamwambia mume wake. "Jua ni muzuri."

Wakakaa kwenye kijiukuta mahali wanawake wanapoanika nguo za wagonjwa. Siméon alitazama mashuka, kilima, migomba, mtoto aliyepita na ndoo ya njano, na kila kimoja akakitaja kwa jina. Tamar akamwacha amalize.

"Siméon. Koti ya Aristote."

"Nitamurudishia. Kijana ana moyo."

"Aristote alikufa. Siku ile banakupasua tulikuwa tunamulilia. Na Sophie. Na Omer ya Kapinga. Ni kule mu kakao."

Mikono ya mzee ikashika kola ya koti. Midomo yake ikatembea, na Tamar akajua anaomba.

"Mbao hazikuwa mu Beni," akaendelea, maana alijua akisimama hapo hataweza tena. "Barabara imefungwa. Batu balitaka kubafunga mu bashi. Nilitoa zile za jikoni."

"Za jikoni."

"Ndiyo."

"Ngapi?"

"Zote."

Shuka moja lilipigwa na upepo likamgusa goti. Akaliondoa polepole.

"Hata ya mulango?"

"Hata ya mulango."

"Nzanzu alipima michoro? Alinakili kwa karatasi?"

Tamar akafungua mdomo, na hapo tu, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, likamjia: karatasi. Daftari la kanisa lingetosha. Wanaume wawili, kalamu, saa moja. Hakuna hata mmoja wao aliyefikiri. Walikuwa wanafikiri maiti na jua.

"Hapana," akasema. "Hatukuwaza."

Siméon akageuza uso. Alipozungumza tena sauti ilikuwa ndogo. "Ungenipigia. Éliakim iko na simu."

Angeweza kusema mtandao ulikataa. Kila siku mtandao unakataa, hakuna ambaye angeuliza.

"Niliishika simu," Tamar akasema. "Ilikuwa inakamata muzuri. Niliogopa utasema hapana."

"Ningesema hapana."

"Najua."

"Tamar, ningesema hapana!" Akasimama, na mwanamke aliyekuwa anaanika nguo akageuka. "Miaka kumi na sita! Nitakata muti mwingine leo, utakauka nikiwa wapi? Na nitachora nini? Nitachora kwa kichwa?"

Tamar alimshika kiwiko asijikwae, lakini mzee akaukwepesha mkono wake, akajikwaa, akajishika mwenyewe kwenye ukuta. Akarudi ndani akipapasa, ingawa jicho lilikuwa zima.

Kesho yake waliteremka Beni na Éliakim, na njia nzima Siméon alitazama upande wa dirisha. Alipoulizwa kama anasikia baridi alimjibu mwanawe. Alipopewa ndizi alishukuru, lakini hakusema anamshukuru nani.

Nyumbani alipitia jikoni. Tamar alibaki nje. Alimsikia amesimama, hasogei. Alijua anachokiona, alikuwa amekiona yeye mwenyewe siku nne: dari tupu, na juu ya mianzi iliyoiva kwa moshi, mistari kumi na minne myeupe, mahali moshi ulikuwa haujafika. Kisha mzee akatoka. Gari halikutazamwa hata kidogo. Akaomba maji, akanawa uso kando ya jicho kama alivyoagizwa, akachukua koti la Aristote akalikunja vizuri, akatoka kwenye njia.

Tamar alimfuata kwa mbali, maana hakuitwa.

Alianza kwa mukaka, bibi mzee wa Aristote, akampa koti kwa mikono miwili, akakaa naye kidogo. Akapita kwa Sophie. Ilipofika saa kumi aliingia kwa Kapinga. Watu wa matanga walikuwa wamepungua, mabenchi mengine matupu. Kapinga alimwona, akainuka kutoka kwenye mkeka na kumjia, akapiga magoti mbele yake hadharani, mwanamke wa mbali, mwalimu, akamshika mzee miguu.

"Tata Siméon. Wasingya," akasema. Neno la Kinande, asante. Bila shaka alimwuliza mtu alifundishe. "Wasingya. Mulimupa Omer nyumba."

Wanaume wakainama mbele kusikia mzee atajibu nini. Tamar alikuwa amesimama kwenye lango, mkono kwenye mti wa uzio.

"Inuka, mwanangu," Siméon akasema. "Usinishukuru mimi. Mimi ningekatala."

"Tata, hapana..."

"Nakuambia kweli. Kama wangeniuliza ningekatala, na Omer angekwenda mu bashi, na leo ningekuja hapa kukaa na nyinyi na uso yangu hii." Akanyanyua kidevu kuelekea lango. "Ni ule pale. Yeye peke yake. Mushukuru yeye."

Watu wote wakageuka. Tamar hakujua kama amesifiwa au ameshtakiwa, na alidhani hata Siméon mwenyewe hakujua. Kapinga akaja, akamkumbatia, akamlilia shingoni, na Tamar alimshika hadi kifua chake kilipotulia. Kisha akamrudisha mkekani na kutazama mahali pa kukaa.

Kwenye benchi la Siméon palikuwa na nafasi. Akaenda akakaa, akiacha kati yao upana wa mtu mmoja.

Mchungaji Michée akaanzisha wimbo, na sauti ya Sophie haikuwepo, kwa hiyo Tamar aliimba upande wake peke yake. Katikati ya ubeti wa pili Siméon akasema chini chini, bila kumgeukia:

"Bado nina hasira."

"Naona."

"Usinishike mukono."

"Sikushike."

"Itachukua siku."

"Nitangoja," Tamar akasema.

Akasikia benchi likilia. Mzee alikuwa amesogea, kidogo tu, upana wa ubao labda, akatulia tena, anatazama mbele kwa jicho lake moja. Tamar alibaki alipo, mikono yake mapajani, akaendelea kuimba.